Kopo la Vidonge

Walipokiwasha, cha kwanza hakikuwa jina langu.
Kilikuwa bati, kuku anaparura juu yake,
ndani ya fuvu.
Mize akasema kitu. Nikaona mdomo, nikasikia bati.

Wiki ya tatu, Machomane, asubuhi,
mbuzi ya nazi kwa jirani:
kwaru, kwaru, ikasita, kwaru.
Nikalia. Mize akadhani viungo vimeanza tena.

Vilikuwa vimeanza pia.
Selimundu haikungoja nimalize kufurahi.
Twasema "nasikia maumivu", na mimi kiziwi
niliyasikia kila usiku,
nikidhani ukali huu lazima una kelele,
ila mimi tu haunifikii.
Kumbe magoti hufura bila hata mnong'ono.

Chenye sauti ni kopo la vidonge.
Miaka kumi na moja nikilitikisa,
nikikadiria kwa uzito, mkononi.
Leo limenijibu: vichache, vichache.

Usiku nakibandua kifaa, sumaku inaachia nywele.
Mvua ya vuli inakatika katikati ya tone.
Mize ananishika goti,
anasema kitu gizani.

Goti linasikia.