Nyongeza

Mchungaji Onzima alisema, Jumapili ile ya mvua,
kwamba damu ilipimwa.
Kwamba Mungu si mlevi wa kumwaga ovyo:
aliyeandikwa kabla ya mawe kuwa mawe, kalipiwa,
asiyeandikwa, hata tone halikumtokea.
Bati likanguruma, naye akapaza sauti:
"Wengi si wote! Wengi si wote!"
Nami Candiru, muuza simsim wa soko la Arua,
nikaitika amina kwa nguvu
hata mtoto mgongoni kwa jirani akashtuka.

Nisidanganye. Nilifurahi,
na haikuwa furaha ya kuokoka.
Nilikuwa namfikiria Afeku,
benchi la nyuma, karibu na mlango, kofia magotini.
Afeku: kwa Kilugbara ni kama kusema
hawakutoa, alinyimwa.
Nikanong'ona, hata aliyekupa jina alijua.

Mwaka tuliokimbilia Kongo
tulivukia Vurra usiku, sufuria vichwani.
Kaka yangu Endreo alirudi kwa ajili ya mbuzi,
mbuzi watatu tu,
akajificha ndani ya ghala la mtama.
Askari walipokuja
Afeku hakushika bunduki, hakushika panga.
Alinyoosha kidole.

Kidole hichohicho Jumatatu
kikagonga ubao wa kibanda changu.
"Mkebe mmoja, mama."
Nikajaza mkebe mpaka ukawa na kilima,
nikasawazisha kwa kiganja, haki kwa haki,
nikamimina kwenye mfuko wake.
Kisha mkono, si mimi, mkono
ukarudi guniani, ukachota konzi,
ukamwongezea
kama unavyomwongezea kila mtu:
mwalimu, mwizi wa kuku, karani wa ushuru
anayejua kabisa kwamba namchukia.
Mama ndiye aliyeufundisha.
"Usipoongeza," alikuwa akisema,
"umeuza mkebe, hujauza simsim."

Afeku akautazama mfuko.
"Umekosea hesabu," akasema.
Ningeweza kumwambia ndiyo. Ningeweza kuingiza mkono,
kuirudisha konzi yangu punje kwa punje.
Lakini nani ajuaye, humo mfukoni,
ipi ni ya kulipiwa na ipi ni ya bure?
Akabaki amesimama.
Mdomo ukafunguka, ukafungwa.
"Mama Candiru, mimi ndiye niliye..."
"Najua," nikasema. "Pisha wengine."

Sijamsamehe. Andikeni hivyo.
Usiku nililala na Endreo kooni
kama mwiba wa samaki ambao ugali hauushushi.
Na konzi ile iliniuma kuliko kidole kile,
kwa maana kidole kilikuwa chake,
konzi ilitoka kwangu.

Jumapili iliyofuata tukapiga magoti mezani pa Bwana.
Sikupanga. Foleni ilipanga:
Afeku kulia kwangu, bega kwa bega,
akinuka moshi na sabuni ya kipande.
Kikombe ni kimoja. Kikaanza kwake.
Nikasikia koo lake likimeza, mara moja,
mara ya pili,
na moyo wangu, uliokuwa umeitikia amina,
ukaruka kama panya ghalani:
kama kweli ilipimwa,
kama Onzima alisema kweli,
je, itabaki ya kwangu?

Mchungaji akafuta ukingo kwa kitambaa cheupe,
akasogea hatua moja.
Nikainua mikono kupokea.
Kikombe kilikuwa kizito.