Bado

Bomba la joto limekufa tangu Jumanne.
Fundi ameahidi, na ahadi ya fundi mnaijua.
Nawasha jiko la gesi karibu na mlango,
wasichana wanaingia mmoja mmoja,
soksi juu ya soksi, pua nyekundu:
Tekle, Nutsa, yule mdogo Mzia,
na nyuma yao, akiburuta mkoba, Lile.

Naandika daftarini: saa kumi na dakika tano.
Viungo kwanza. Vifundo, viganja, shingo.
Nusu saa ya kujinyoosha, taratibu,
kama unga unaoumuka bila kusukumwa;
si kama alivyotunyoosha Kocha Shalva,
goti lake mgongoni mwangu, saa mkononi.
Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo ilikuwa dini yake.
Hakuna aliyemuuliza samaki.

Nilipata medali mbili kwa goti lile.
Mvua ikinyesha Kutaisi
nyonga yangu inanikumbusha zote mbili.

Boriti ni mita tano, upana wa kiganja.
Lile aliijua kuliko ngazi za kwao
mpaka Septemba, mashindanoni Batumi,
alipopiga samasoti ya nyuma
akapotea hewani.
Hakuumia. Alitua kwa magoti, akainuka,
akawanyooshea waamuzi mikono, kwa adabu.
Ila kwenye basi, giza limeshaingia,
aliniambia akitazama dirisha:
"Nilipokuwa juu sikujua chini ni wapi."

Gazeti la Jumamosi: NYOTA YA KUTAISI YAZIMIKA.
Mashabiki nao wana hesabu zao,
pointi nzima kwa kuanguka, tatu za kumi kwa kuyumba,
nani ampishe nani kwenye timu.
Muuza mikate aliniuliza akifunga karatasi:
"Atapona kabla ya Machi?"
Kana kwamba ni goti. Kana kwamba
ningeweza kumfunga bendeji mahali alipopotelea.

Kwa hiyo nimechora boriti sakafuni, kwa chaki.
Oktoba nzima alitembea juu ya mstari,
macho wazi, macho yamefumbwa,
akiniambia kwa sauti ilipo dari, ulipo mlango,
ilipo sakafu. Hasa sakafu.
Novemba, boriti fupi, ya watoto.
Mzia, ana miaka sita, alimshika mkono
bila kuambiwa na mtu.

Leo, boriti yenyewe.
Nimerundika magodoro mpaka karibu yaiguse.
Anasimama nchani, chaki mapajani,
mikono juu, mabega masikioni.
Jiko linanguruma. Nutsa ameacha kutafuna.
Nahesabu pumzi zake: nne, tano,
ya sita inakatika katikati.

Mikono inashuka.
"Bado," anasema.

Miaka ishirini na mitatu, kumbe,
goti la Shalva lilihamia ulimini mwangu.
Nalihisi likipanda.
Najua maneno yote, kwa mpangilio wake:
mvivu, mwoga, mama yako analipa nini.
Nameza. Linashuka na chaki yake.

"Basi shuka upendavyo."

Akatazama chini, akachagua mahali,
akaruka tu, ruko la mtoto anayetoka ukutani,
miguu pamoja, kishindo kimoja,
wala godoro halikulalamika.
Hakuna mwamuzi duniani angempa kitu kwa ruko lile.
Nilitaka kupiga makofi, nikajifanya natafuta kalamu.

Daftarini kuna safu ya makosa. Nimeiacha wazi.
Pembeni nimeandika: alijua chini ni wapi.
Halafu nikaifuta "alijua", nikaandika "amejua",
nikaona haya, nikafunga daftari.

Fundi alifika saa moja na nusu, tukifunga mlango.

Njiani nilipita kwa muuza mikate.
"Vipi?"
"Bado," nikamjibu.
Akatikisa kichwa, akachomoa wa pili tanurini,
akaufunga pamoja na wangu, hakutaka pesa,
kama mtu anayetoa pole msibani.
Niliupokea, ungali moto.
Sikumsahihisha.