Kifaa cha Nne

Cha kwanza kiliyeyuka juani, dirishani mwa karakana.
Cha pili kilikuwa kizuri, ila bei yake
ni bei ya lama wanane.
Cha tatu sitaki kukizungumzia.

Hiki cha nne kinaingia mfukoni:
kipande cha bomba la maji, lenzi moja,
taa ndogo kama punje ya ulezi,
simu yenye ufa, na mpira wa baiskeli
nilioufunga mdomoni kisimkwaruze mtu shavu.

Kutoka El Alto, saa sita kwa basi, kisha miguu,
hadi kwa Doña Plácida Yujra, mfumaji,
ambaye siku hizi rangi huziulizia kwa mjukuu:
"Uzi huu mwekundu, au wa kahawia?"
Na Wilma, akichoka, hujibu lolote.

Nikamwambia: tazama mbele, usipepese.
Nikabonyeza.
Kimya.
Baridi ya mita elfu nne ilikuwa imeinywa betri
ikaacha kikombe kitupu.
Karakanani nilipima kila kitu
isipokuwa asubuhi ya hapa.

Alinipokonya bila kuuliza,
akakisukuma chini ya shali, kifuani,
anapowatia joto wanakondoo wanaozaliwa Juni.
Tukakaa. Akataka kujua kama nimeoa,
na kwa nini nimekonda hivi na nimesoma.
Robo saa. Taa ikawaka.

Jicho la kulia: kaa la moto,
na mishipa yake ikitambaa juu ya wekundu.
La kushoto: ukungu, ukungu mtupu.
Mtoto wa jicho amekaa mlangoni,
mtoto asiyelia, asiyetumika,
asiyempisha mgeni wala mwanga.

"Nionyeshe," akasema.
Hilo sikuwahi kulifikiria.
Vifaa vyote vinne, kioo kilinielekea mimi.
Nikageuza simu. Kwa jicho zima akalikagua bovu,
pua karibu iguse,
kama anayekagua kazi ya fundi mwingine.
"Hapa pamefumwa vibaya. Nani anafumua?"

Nikamwandikia hospitali, siku, nauli.

Cha tano kina kioo kinachogeuka,
na betri yake inalala ndani ya mfuko wa sufu.
Mfuko aliufuma yeye, wiki moja kabla ya kisu,
na mstari mmoja umetoka kahawia
palipostahili wekundu.
Wenzangu wanataka tuufumue.
Nimekataa.
Wilma, bila shaka, alikuwa amechoka siku ile.