Jina la Kipaimara

Mwaka umekwisha, kalenda ya parokia bado iko ukutani
ghalani mwa dagaa, hapa Igombe.
Hatukuibandua kwa sababu ya picha:
kijana wa miaka kumi na minne, kanzu nyeupe,
chumvi ya ukuta imeanza kumla kisigino.

Mdogo wangu Masalu alimtazama huku akipepeta.
"Huyu ana umri wangu," akasema.
Kisha: "Alijua kuogelea?"
Nikacheka. Dagaa wakamwagika.

Katekista Petronila alitufundisha mengine:
kwamba aliishi ng'ambo, katika kasri la mfalme,
kwamba ubatizo ulimkuta usiku,
harakaharaka, hukumu haijapambazuka,
na siku chache baadaye, moto.
Maji kwanza, kisha moto, akasema.
Shikeni mpangilio huo.

Masalu na moto hawapatani.
Karabai ilimlipukia akiwa na miaka mitano;
kovu linapanda mkononi hadi kwenye kiwiko
kama jani la muhogo lililobandikwa.
Mishumaa ya altare huwaachia wenzake.

"Hakuogopa?" aliuliza darasani.
Petronila akavua miwani, akaifuta kwa khanga.
"Sijui. Ninachojua, mkubwa wake
alimwahidi kumshika mkono.
Mtu haahidiwi mkono bila sababu."

Februari tukamzika mama.
Masalu akaacha mafundisho, akaacha rozari,
akabaki kuhesabu madebe:
debe, debe, debe, mpaka giza.
Sikumsemesha. Nilisonga ugali wa udaga,
tukala.

Juni, kipupwe kikikausha dagaa kwa nusu siku,
askofu akaja. Msimamizi ni mimi,
kiganja cha kulia juu ya bega lake,
mfupa ukitetemeka chini ya shati la kuazima.
Krisma ikameremeta kwenye dole gumba.
"Jina?"

Mtu akakohoa. Nje, injini ya mtumbwi
ikakataa kuwaka, ikakataa tena.
Ndipo mkono wenye kovu ulipokuja nyuma,
ukipapasa, kama atafutaye ukingo wa mtumbwi gizani,
ukakikuta kiganja changu, ukakishika.

"Kizito," akasema,
sauti ikipasuka katikati,
nusu ya mtoto, nusu ya baba.

Jioni tulirudi ghalani; dagaa hawajui sikukuu.
Akataka kuwasha jiko mwenyewe.
Njiti ya kwanza ikazimika.
Ya pili nikamkingia upepo.