Mchoma Chokaa

Daktari wa Mitengo ni kijana, kola yake imenyooka.
Akaipachika picha ya kifua changu kwenye taa:
"Unaona, mzee Mtopwa? Huu mshipa mkuu utokao moyoni
una pete nyeupe, hapa unapopinda.
Ile midogo inayoulisha moyo nayo tutaitazama.
Ni chokaa."

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika.
Ananiambia mimi chokaa?
Nimeichoma Mikindani miaka thelathini na moja,
kabla matumbawe hayajakatazwa.
Nikasema: basi niliimeza tanuuni, lile vumbi.
Akasema hapana, si vumbi, wala si maziwa wala dagaa.
"Hii mwili wako umeichoma wenyewe."

Kisha maswali, kalamu mkononi.
Tumbaku? Tangu nilipotoka jando.
Chumvi? Nikamtajia ng'onda wa papa,
na korosho anazokaanga Somoe, nazilamba kwanza ndipo nitafune.
Presha? Nilipimwa mwaka lilipolazwa bomba la gesi;
vidonge nilimeza hadi kichwa kilipoacha kugonga,
vilivyobaki vimo kwenye kopo la misumari.
Sukari? Waulize sisimizi wa chooni kwangu.
Baba yako? Alianguka akiokota korosho, hakusema neno.
Kaka? Vivyo hivyo, hamsini hajatimiza.
Umri alijaza mwenyewe, bila kuniuliza.

Nikanyamaza. Maana tanuu nalijua.
Jiwe haliivi kwa gogo moja.
Unapanga kuni, mawe, kuni, mawe,
unatia moto chini, unakwenda zako kulala.
Asubuhi jiwe umbo lake ni lile lile,
mgeni atalikalia
asijue kwamba tone la maji tu
na litatokota.

"Inabanduliwa?"
"Iliyoshika imeshika, mzee.
Dawa utakunywa kila siku, kichwa kiume kisiume.
Usiongeze."
Neno moja. Mimi ndiye niliyesikia *kuni*.

Jioni Somoe aliandaa mchuzi wa ndimu, chumvi hakutia.
Tukala kama watu waliotoka kuzika.
Kiko changu nimekisukumia kwenye ufa wa ukuta,
nikaziba juu kwa chokaa ya mfuko, ya dukani,
nyepesi, haina nguvu kama ya kwangu.
Kesho nitaigusa kwa kidole
nione kama imeshika.