Uhaba wa K

Herufi zilikuja na meli, zimehesabiwa na mtu
asiyejua tunavyosema.
Alituletea e za kulisha mji mzima,
h kwa ndoo,
na k kiganja kimoja.

Hebu jaribu. Kwa. Katika. Kila kaka kakataa.
Mstari haujafika ukingoni
na vidole vinakwaruza mbao.

Hapo nilifanya kazi miaka thelathini na mmoja:
Matbaa ya Serikali, tawi la Mbaraki,
mabati nyuma ya maghala ya kahawa.
Mlango wa kwanza herufi, wa pili mitambo,
wa tatu wanawake wa kujalidi
na gundi yao ya unga iliyopendwa na panya.
Juu, kwa ngazi ya chuma, meneja na kioo chake
cha kututazama utosi.
Na chumba kisicho na dirisha, cha karatasi za mitihani na za kura.
Ufunguo wake ulikuwa nusu mbili, watu wawili;
mmoja akishikwa na homa, nchi inangoja.

Bwana Menezes alinifunza kazi.
"Usisome," alinambia. "Panga tu. Ukisoma utachelewa."
Lakini mimi mtoto wa chuoni, nimezoea kuanzia kulia;
ukurasa wa risasi, uliogeuzwa kama uso kiooni,
ulinifungukia siku ile ile.

Mwaka wa sitini na tatu
kila kitu kikatakiwa kwa Kiswahili, na jana.
K zikaisha siku ya pili.
Uhuru, bahati yetu, hauna k.
Serikali inayo. Katiba inayo.
Kibwana wa Kuze tukamwita Ibwana wa Uze wiki nzima,
naye ndiye aliyempangia meneja ombi letu,
kwa risasi zilizobaki:

*Bwana Meneja salamu, tunaandaa barua,*
*Herufi moja adhimu, mezani imepungua,*
*Bila hiyo ni vigumu, maneno yanaugua,*
*Umepata ufahamu? Jina lenyewe wajua.*

Meneja hakucheka.
K zilifika miezi minne baadaye, bendera imeshapanda,
na pamoja nazo, sijui kwa nini, e zaidi.

Sabini na moja, Jumanne, karatasi ilitua mezani pangu.
Tangazo la ardhi, kwa Kiingereza.
Kiingereza hakikuwahi kutuishia.
Mtongwe, eka kumi na moja, kiwanja nambari 1147,
mwenyewe kampuni ya watu nisiowajua;
aliye na pingamizi alete kwa maandishi, siku tisini.
Nilisoma. Nilichelewa.
Mipaka niliijua kwa miguu:
mkorosho, kisima, kaburi la babu.
Ndani yake Mejumaa, mama yangu, alikuwa akimenya muhogo,
hajui a wala e.

Nilikuwa nimeapa, mkono juu ya msahafu,
nionacho humu hakitoki.
Basi sikukitoa.
Niliipisha 7 mbele ya 4.
Tu. Vidole huteleza.

Nakala ikaenda kwa Bi Mghoi, msahihishaji, Mtaita,
ambaye kwa miaka kumi na mmoja
hakuwahi kuiachia hata nukta.
Rula yake ilishuka mstari kwa mstari, ikafika pale,
ikakaa.
Akanitazama juu ya miwani.
"Mama yako yuko wapi siku hizi?"
"Mtongwe."
Akachovya kalamu, akatia sahihi.
Ndivyo tunavyoliita, jina la mtu chini ya karatasi: sahihi,
hata pale palipo na kosa.

Tangazo lilirudiwa baada ya miezi saba.
Nilikatwa mshahara wa siku tatu.
Bi Mghoi hakuulizwa, au aliulizwa na hakunambia.
Mejumaa alivuna muhogo mara moja zaidi.

Na lile la pili nililipanga mimi mwenyewe,
1147,
e zikiwa tele.