Gitaa la Tisa

Zuwena, lile la kwanza ulilinunua wewe.
Soko la Jumamosi, Coventry, pauni ishirini na tano,
tumbo lina ufa, shingo imepinda kama ya mtu aliyelala vibaya.
Ukasema, "Lichukue, usije ukazeeka unanung'unika."
Kwa hiyo mengine yote, kwa hesabu ya haki,
mzizi wake ni wewe.
Hoja hii ninayo miaka sita. Sijathubutu kuitamka.

La pili nilisema ni la Kibwana, ameniachia kwa muda.
La tatu nilisema ndilo lile la pili,
limepigwa rangi.
La nne lilikuja usiku wa zamu yako hospitali.
Nililipandisha ngazi kwa soksi, nimelishika kiuno
kama mgeni asiyetakiwa kuonwa na majirani,
na kila ubao niliokanyaga ukapiga kelele,
maana pesa ya zulia la ngazi
ndiyo hiyo niliyoikumbatia.

La tano liko nyuma ya boila.
La sita chini ya kitanda cha wageni,
na wageni tumeacha kuwakaribisha.
La saba silisemi.
La nane nililisema, tukanuniana hadi Pasaka.

Jumanne nikapanda basi la Nuneaton.
Mjane mmoja, Bi Maureen, anauza vya marehemu.
Aliniita "bata wangu",
ndivyo waitanavyo huko wakikuonea huruma.
Chumba kizima masanduku meusi, yamesimama wima
kama watu wanaosubiri daktari.
"Ishirini na mawili," akasema. "Nipigie moja nisikie.
Miaka thelathini nimesikia vifungo tu.
Ta, ta, anafungua.
Kimya.
Ta, ta, anafunga."

Nikapiga kile ninachokijua.
Nikafika pale kidole changu cha tatu kinapokwama daima.
"Endelea," akasema.
Nikajifanya naangalia vigingi.
Akanipunguzia pauni arobaini, sikumwomba.

Nyumbani hukuwapo. Nilitafuta pa kulificha,
nikafungua masanduku moja moja nione lipi litasogea,
na ndani ya la kwanza, chini ya shingo,
kipakiti kidogo cheupe, vile vya kwenye maboksi ya viatu,
vyenye chembe za kunyonya unyevu: *Usile*.
Nikadhani kimekuja nalo.
La pili, kipakiti. La nne, kipakiti.
Nyuma ya boila, ulipoingizaje mkono?
Na la saba, Zuwena, la saba!
Nyuma ya kila kimoja tarehe ya kubadilishwa,
kwa mwandiko wako wa kwenye chati za wagonjwa.

Nyumba yetu hii hutoka jasho kutani Novemba hadi Machi.
Nami sikuwahi kujiuliza
kwa nini hakuna lililovimba.

Nikakaa kwenye ngazi na la tisa mapajani.
Saa moja na nusu asubuhi ufunguo ukazunguka.
Ulikuwa na koti lako la mvua, na harufu ya dawa,
na ule uso wa mtu aliyewageuza wagonjwa kumi na mmoja.
Hukuuliza bei.
Ulitia mkono mfukoni mwa sare, ukatoa kipakiti,
ukakiweka juu ya goti langu.
"Nilijua tangu Jumapili," ukasema,
"ulipoosha vyombo bila kuambiwa."

Nikaanza kusema. Nilianza na lile la soko.
"Nisikilize," ukasema. "Zulia, Jumamosi hii.
Na litoke moja. Lipi, shauri yako.
Ila hilo la ufa hulitoi."
Kisha ukavua viatu, ukakanyaga ubao wa tatu,
ukalia kama kawaida yake, sauti ndefu, ya puani.
Ukasimama juu yake.

"Haya, nipigie. Sitaki ule mwanzo,
mwanzo nimeuchoka.
Anzia unapokwama."